Bodi Inavyotaja Umri wa Gari Lililotelekezwa

Gari lililoachwa miaka mingi chini ya mwembe au nyuma ya gereji hupoteza kwanza vile vitu ambavyo vingerahisisha kulitambua. Nembo hung'olewa mapema kwa kuwa ni ndogo na zinang'aa. Taa, redio na saa za dashibodi hufuata, kisha injini na giaboksi. Kadi ya usajili nayo huwa imekwishapotea pamoja na karatasi nyingine za mwenye gari. Kinachosalia ni bodi: paa, nguzo za milango, matundu ya vioo, sakafu, na vipande vya bati ambavyo hakuna aliyeona faida ya kuvibeba. Bodi hiyo ikikaguliwa kwa utaratibu, mara nyingi hutosha kutaja aina ya gari, toleo lake, na kipindi kifupi cha miaka ambamo lilitoka kiwandani.

Ukaguzi huo unastahili kufanywa kabla ya gari kuguswa. Bodi za magari yaliyofungua barabara za Afrika Mashariki huishia kwenye mizani ya chuma chakavu bila mtu kujua zilikuwa nini, na bodi ikishakatwa hakuna namna ya kuirudishia historia yake. Hata gari litakalohamishwa kwa nia njema hupoteza ushahidi likivutwa kwa mnyororo: kipande kilichoanguka pembeni hubaki majanini, na bati lililoliwa na kutu humomonyoka pamoja na namba zake.

Msingi wa ukaguzi ni kutofautisha vilivyochomelewa na vilivyofungwa kwa boliti. Bampa, nembo, magurudumu, milango, na shoo, yaani zile fito au wavu ulio mbele ya rejeta, vyote hufunguliwa kwa spana. Gari lililotumika miaka thelathini mahali penye vipuri haba hufungwa chochote kinachoingia, kiwe cha toleo lake au cha toleo jingine. Paa, nguzo, fremu ya kioo cha mbele, tundu la kioo cha nyuma na sakafu havibadilishwi hivyo. Fundi bodi anayetaka kuvibadili lazima akate bati na kuchomelea upya, na mshono wake huonekana kwa ndani hata kama kwa nje umefunikwa kwa pati na rangi. Ushahidi wa kipande kilichochomelewa ukipingana na wa kipande cha boliti, wa kwanza ndio unaokubaliwa.

Kila alama, kwa upande wake, huweka mpaka mmoja tu. Dirisha lililoanza kutumika mwaka 1957 huthibitisha kwamba gari halikutengenezwa kabla ya hapo, lakini halisemi lilitengenezwa lini baadaye. Mpaka wa pili hutafutwa kwenye kitu kilichoachwa kutumika. Tarehe ya kweli iko kati ya mipaka hiyo miwili. Ikumbukwe pia kwamba viwanda vingi vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza magari ya mwaka unaofuata baada ya likizo ya katikati ya mwaka, hivyo gari lililotoka kiwandani Septemba 1967 huhesabiwa kuwa la modeli ya 1968.

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na kitovu cha gurudumu la nyuma. Hiki ndicho kipimo kisichodanganya kirahisi, kwa sababu hakibadiliki kwa bampa wala kwa rangi. Volkswagen Beetle ya kawaida ina mita 2.40. Morris Minor ina takriban mita 2.18. Peugeot 404 ya saluni ina mita 2.65, na ile ndefu ya familia mita 2.84. Mtu mwenye futi kamba na dakika tano huweza kuondoa nusu ya majina yanayodhaniwa kabla hajaangalia kitu kingine chochote.

Kwa Land Rover kipimo hicho ni muhimu kuliko chote, maana hili ni gari ambalo karibu kila kipande chake kimefungwa kwa boliti. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, likiwa na inchi 80 kati ya ekseli, sawa na mita 2.03. Mwaka 1954 kipimo hicho kiliongezwa kuwa inchi 86, na lori dogo lake likawa na inchi 107. Miaka miwili baadaye vikawa inchi 88 na 109, kwa kuwa injini ya dizeli iliyokuwa ikiandaliwa ilihitaji inchi mbili za ziada mbele. Vipimo vya 88 na 109 vilidumu hadi miaka ya 1980. Chesisi yenye inchi 86 basi hujitaja yenyewe: ni ya toleo la kwanza, Series I, na ya miaka ile michache tu ya katikati ya muongo wa 1950.

Chesisi yenye inchi 88 au 109 huhitaji ushahidi zaidi, na hapo ubavu wa gari ndio wa kutazamwa. Series I ina ubavu ulionyooka kama ukuta, kutoka juu ya mlango hadi chini. Series II, iliyotoka mwaka 1958, ilitanuliwa, na mchoraji wake, David Bache, aliupa ubavu mkunjo wa mviringo chini kidogo ya madirisha, kisha akaficha chesisi kwa bati la chini ya milango. Mkunjo huo ulibaki katika matoleo yote yaliyofuata, yaani Series IIA iliyoanza 1961 na Series III iliyoanza 1971. Kuanzia hapo kinachotofautisha ni uso na dashibodi. Series II na sehemu kubwa ya Series IIA zina taa kubwa zilizokaa katikati, pembeni mwa rejeta; mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Series III ina shoo ya plastiki badala ya wavu wa chuma, na saa zake za dashibodi zimehamia mbele ya dereva, wakati kwa watangulizi wake zilikuwa katikati.

Alama ya taa ni dhaifu, na wengi huikosea. Madigadi za Land Rover hufunguliwa kwa muda mfupi, na zimehamishwa toka gari moja kwenda jingine mara nyingi mno. Dashibodi inaaminika zaidi, kwa sababu imeshikana na ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, na kuubadili ukuta huo ni kazi ya siku nyingi. Sumaku nayo husaidia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza, hivyo bati za nje za Land Rover zilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Sumaku hushika kwenye chesisi na kwenye ukuta wa injini, lakini huteleza kwenye madigadi na boneti. Ikishika boneti, basi boneti hiyo ilifinyangwa na fundi wa mtaani kwa bati la chuma, jambo ambalo nalo ni sehemu ya historia ya gari lile na linafaa kuandikwa.

Volkswagen Beetle ndiyo shule bora kuliko zote kwa anayejifunza kazi hii. Umbo lake la jumla halikubadilika tangu lilipobuniwa miaka ya 1930 hadi gari la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwaka 2003, lakini mambo yake madogo yalibadilishwa karibu kila mwaka, na tarehe za mabadiliko hayo zimehifadhiwa vizuri. Ukaguzi huanzia kisogoni. Hadi Machi 1953 kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili vilivyotengwa na ufito wa bati katikati. Kikafuata kioo kimoja chenye umbo la yai, kilichotumika hadi katikati ya 1957. Kuanzia Agosti mwaka huo tundu likawa la mstatili wenye pembe za mviringo, na kioo cha mbele nacho kikapanuliwa. Kwa modeli ya 1965 madirisha yote yaliongezwa ukubwa kwa pamoja, na nguzo za kati ya vioo zikawa nyembamba.

Toleo lililotoka Agosti 1972, liitwalo 1303, ndilo pekee lenye kioo cha mbele kilichopinda waziwazi, na nafasi kati ya kioo na dashibodi ni kubwa kiasi cha kuweka kikapu. Mengine yote yana kioo kilichonyooka au kilichopinda kidogo sana, karibu na uso wa dereva.

Nguzo iliyo nyuma ya mlango hubeba ushahidi ambao wezi wa vipuri hawawezi kuuchukua. Beetle za zamani hazikuwa na indiketa za kumulika. Zilikuwa na kijimkono kilichojificha ndani ya nguzo, kikichomoza upande ambao dereva alitaka kukata kona. Katika soko la Ulaya mikono hiyo iliachwa kwa modeli ya 1961, ikachukuliwa nafasi na taa ndogo juu ya madigadi za mbele. Mkono wenyewe huwa umeibwa au kuvunjika zamani, lakini mwanya wake kwenye nguzo hubaki, au hubaki umbo la mwanya uliozibwa kwa bati. Bodi yenye kioo cha nyuma cha mstatili na mwanya wa mkono kwenye nguzo basi imebanwa pande zote mbili: imetoka kati ya Agosti 1957 na Julai 1960. Hitimisho hilo linapatikana bila injini, bila nembo na bila karatasi.

Tuseme bodi hiyohiyo inakutwa na madigadi za mbele ambazo taa zake zimesimama wima. Taa za wima zilienea katika Beetle kuanzia Agosti 1967. Za kabla yake zililala nyuma, zikifuata mteremko wa madigadi. Asiyejua kanuni ya boliti angesema gari ni la 1968. Lakini madigadi za Beetle, mbele na nyuma, zote ni za kufungua. Kinachoamua ni boneti na bati lililo chini yake. Kwa modeli ya 1968 boneti ilifupishwa ili bampa mpya iliyonyooka ikae juu zaidi, na bati la chini yake, ambalo limechomelewa, likawa refu. Bati likiwa fupi na boneti ndefu, gari ni la zamani na limevalishwa madigadi za mdogo wake.

Beetle hizi hazikufika huku kwa bahati. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa tangazo kubwa kuliko gazeti lolote. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1965 ikashinda Volvo PV544 ya Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, gari ambalo nalo linatambulika kwa kioo: PV444 iliyotangulia ina kioo cha mbele cha vipande viwili, na PV544, iliyoanza 1958, ina kimoja kilichopinda.

Kioo cha vipande viwili ndicho kinachoamua pia kwa Morris Minor. Gari hili la Uingereza, kazi ya Alec Issigonis, lilitoka mwaka 1948, na hadi 1956 kioo chake cha mbele kiligawanywa na ufito. Minor 1000 iliyofuata ina kioo kimoja na dirisha kubwa zaidi nyuma. Zile za mwanzo kabisa zina taa zilizokaa chini, ndani ya shoo. Katikati ya boneti mna ukanda bapa ulioinuka, na una sababu ya kuvutia. Issigonis aliona gari la majaribio ni jembamba, akaagiza likatwe katikati kwa urefu na kutenganishwa mpaka likampendeza, na pengo likawa inchi nne. Boneti ikajazwa kwa ukanda huo. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, hivyo katika magari ya mwanzo zilikatwa na kuungwa kwa kipande cha inchi nne katikati. Bampa yenye kiungo hicho ni hazina, na haifai kabisa kutupwa kwa sababu ya kutu.

Ugumu halisi huanza pale ambapo mchoraji mmoja aliwachorea watengenezaji wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 karakana ya Pinin Farina ya Turin, Italia, ilikuwa ikifanya kazi kwa wakati mmoja na Fiat, Peugeot na shirika la Uingereza la BMC. Mtindo wake unaonekana katika saluni tatu zenye paa bapa, pembe kali na mapezi nyuma: Fiat 1800 ya 1959, Peugeot 404 ya 1960, na familia ya BMC yenye majina matano, Morris Oxford, Austin Cambridge, Wolseley, MG Magnette na Riley. Bodi zao zikiwa zimeporwa taa na shoo, hata fundi mzoefu husita.

Futi kamba hutenga familia ya Uingereza mara moja, kwa kuwa ekseli zake ziko umbali wa takriban mita 2.52 hadi 2.55, karibu sentimita kumi pungufu ya Peugeot. Haisaidii kwa Fiat, iliyo na mita 2.65 sawasawa na 404. Hapo inabidi kuinua kifuniko cha injini. Injini ya 404 ililazwa ubavu kwa nyuzi 45, na hata ikishatolewa, viegemeo vyake kwenye fremu vinaonesha kwamba haikukaa wima. Ndani ya familia ya BMC mapezi hutoa tarehe: ya 1959 ni makali na marefu, na ya Austin A60 na Morris Oxford VI za mwaka 1961 yalipunguzwa. Jina lenyewe, kama ni Morris au Austin, lilitegemea zaidi shoo na mapambo, yaani vitu vya kufunguliwa. Kwa magari haya ni busara zaidi kutaja familia na kipindi, kisha kuiacha namba ya chesisi iamue jina.

Peugeot 404 ina mizizi mirefu katika eneo hili. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda Safari kwa gari hilo mwaka 1963 na 1968, na katika miaka yote miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Kati ya miaka hiyo Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda 1966 na 1967. Ndugu mdogo wa 404, yaani 504 ya mwaka 1968, hachanganywi nayo: taa zake za mbele hazina umbo la duara, na kifuniko cha buti kimevunjwa katikati kikateremka ghafla. Ford Anglia ya 1959 hadi 1967 ni rahisi zaidi kutambua, kwani kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani badala ya kulala nje. Citroën Ami ya 1961 ina kioo cha namna hiyo pia, lakini uso wake hauwezi kufananishwa na wa gari jingine.

Vioo na taa zilizobaki zina maandishi madogo yanayofaa kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Kioo chenye jina la Triplex hueleza gari la Uingereza, na nukta zilizo kando ya herufi zake ni alama za mwaka kilipotengenezwa. Lenzi za taa zenye herufi E ndani ya duara haziwezi kutangulia makubaliano ya kimataifa ya 1958. Tarakimu iliyo kando yake hutaja nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 11 Uingereza. Hayo yote ni ya kubadilishwa, kwa hiyo hubaki ushahidi wa kusaidia. Lakini vioo vinne vyenye alama za mwaka mmoja ni vigumu kuvipuuza. Upande wa usukani nao husema kitu. Gari lenye tundu la usukani kushoto, likikutwa Kigoma, Ngara au Kasese, pengine lilivuka mpaka kutoka Kongo, Rwanda au Burundi, ambako magari hupita kulia mwa barabara.

Rangi ya asili hutafutwa mahali ambapo fundi wa rangi hakufika: nyuma ya dashibodi, chini ya zulia, ndani ya fremu ya mlango.

Mwisho hutafutwa namba. Kabla ya kuenea kwa namba ya herufi na tarakimu 17 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Kwa Beetle namba imegongwa juu ya tuta la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo husalimika hata sakafu ya chini ya betri ikishaoza. Kuanzia modeli ya 1965 tarakimu ya tatu hutaja mwaka: namba inayoanza na 118 ni ya 1968. Kwa Land Rover hutafutwa kwenye chesisi, upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi. Kwa Morris Minor kuna kibati kwenye ukuta wa injini, na herufi zake husomeka: katika MA2S5, M ni Morris, A ni aina ya injini, 2S ni saluni ya milango miwili, na 5 ni toleo. Namba isisuguliwe kwa jiwe la umeme wala kwa msasa mkali. Mafuta mepesi, brashi laini na subira ya siku moja vinatosha. Baada ya hapo chaki ikipakwa juu yake, au tochi ikimulikwa kutoka ubavuni, tarakimu hujitokeza.

Namba hiyo ina kazi nyingine iliyo nzito zaidi ya kutaja mwaka. Gari lililotelekezwa si gari lisilo na mwenyewe: huenda ni mali ya mirathi, ya taasisi, au ya mtu aliyehama. Kwa namba ya chesisi mamlaka ya usajili na polisi wanaweza kutafuta kumbukumbu zake, na kwa maelezo ya bodi wanaweza kuhakikisha kwamba namba na gari vinalingana. Maelezo hayo huandikwa pamoja na picha za pande zote nne, za tundu la kila kioo, za nguzo na za namba, zikipigwa gari likiwa palepale lilipokutwa. Kisha hutajwa aina, toleo na mipaka miwili ya tarehe, na kando yake huorodheshwa vipande ambavyo ni dhahiri vilitoka kwenye magari mengine.